Betri Iliyotunzwa Sandukuni

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na ya Bibi mfikishie, umwambie nimempigia magoti huku huku niliko. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniacha, mwenye nyumba ndiye bado hajaniacha: juzi kanifuata mpaka mlango wa bafu kuniuliza nani kamaliza maji ya pipa. Dukani kazi tele. Sasa nina meza yangu mwenyewe karibu na dirisha, na laptop zote zenye matatizo ya betri zinaletwa kwangu. Bosi anasema nina mkono mwepesi. Nikimwambia nimelelewa kwenye mashine ya kusaga nafaka, hataamini.

Najua simu hupendi, na hata ungependa, masikio yako ulishayaacha mashineni. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye kifurushi hiki kuna laptop. Nimeifufua kwa mikono yangu, usidhani nimeiba. Ubavuni nimechomeka kidude cha mtandao, msikitoe. Nataka Bibi anione. Miaka sita sasa ananisikia tu kwa simu ya jirani, na kila nikikata najiuliza kama bado anakumbuka nafananaje. Kioo ni kikubwa makusudi. Binti wa jirani anajua kupiga simu ya picha, nimeshaongea naye. Jumapili jioni nitakuwa nasubiri.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huharibu. Betri yake ni ya lithiamu na imejengewa ndani, haitoki kama ya simu ya tochi. Ina umri wa kuhesabika: mara mia chache za kujaa na kuisha, basi, imechoka. Kwa hiyo nimeiwekea ikome kwenye asilimia themanini, msiishindilie mpaka pomoni. Msiiache ikauke kabisa. Ikifika ishirini, chomekeni. Msiiweke kitandani wala kwenye kochi, inapumulia chini, na joto ndilo adui yake mkubwa. Itunze, Mjomba. Nakujua, utaitunza.

Mpwa wako,
Kiroboto

2 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba, marahaba sana. Kifurushi kimefika na kamba zote zimo. Nilijua ni mkono wako kwa jinsi ulivyokaza mafundo, kuyafungua kumenimalizia asubuhi nzima. Sisi wazima. Mashineni napita tu siku hizi, shemeji yangu ndiye anaendesha, na grisi anaimimina kama amepewa bure. Nikimsema anachezesha midomo tu, akijua sisikii. Bibi yako anakusalimu. Siku hizi hapendi kukaa uani, anasema jua limekuwa kali.

Sasa laptop yako. Binti wa jirani aliiwasha, ikamulika chumba kizima. Bibi akapapasa mfuniko, akasema ni baridi kama sinia. Nikamwambia binti basi, inatosha, tusiimalize bure. Nikaifunika mwenyewe, nikaiviringisha kwenye shuka jeupe, nikaiweka sandukuni chini ya makoti ya marehemu babu yako. Usicheke. Si umesema mwenyewe mara zake zinahesabika? Mimi nimekula na kulala na mashine, najua: jiwe lisilosaga haliliki. Unakumbuka lile jiwe la akiba nyuma ya mlango? Nililitoa mwaka jana likiwa kali kama siku lililochongwa. Hizo mara mia za betri yako nitakutunzia zote. Tutazitumia siku inayostahili.

Kuhusu Jumapili, vumilia kidogo. Bibi yako ana jambo dogo anataka kulimaliza kwanza.

Mjomba wako wa mashineni

28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku kwema, ila mimi si mwema, nimekasirika kidogo, nikimaliza kuandika nitapoa.

Kila Jumapili nasuka nywele, napaka mafuta, nakaa mbele ya kioo, matokeo yake najiangalia mwenyewe kama kichaa. Jirani wa chumba cha pili ananiuliza mchumba gani huyo asiyepiga. Namwambia ni bibi yangu. Anacheka, na mimi nacheka, kisha nazima taa.

Mjomba wangu, betri si jiwe. Hata ikilala inazeeka, na ikilala tupu inakufa. Hebu niambie, uliizima au uliifunika tu? Ukiifunika haizimiki, inasinzia, na huko kwenye kusinzia bado inakula. Itoe kwenye hayo makoti. Kama lazima ukae nayo, basi ichaji mpaka nusu, uizime kabisa, uiangalie mara kwa mara. Lakini sikuituma ikae. Nimeituma itumike, ichoke, ife ikiwa kazini kama watu wengine.

Na Bibi ana jambo gani dogo? Nimempigia kwa jirani, akacheka, akaniuliza kama nimekula. Nikamuuliza tena, akaniuliza kama nimeshiba. Siku inayostahili ni ipi, Mjomba? Mtu ana mtu mmoja tu aliyemlea, siku gani haistahili?

Kiroboto

6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeikuta imesukumwa chini ya mlango, imeshakanyagwa na kuku. Hatukuwepo. Tulisafiri kidogo mimi na Bibi yako, tukalala kwa watu siku kadhaa, tumerudi jana. Mvua imeng'oa bati mbili za mashineni na shemeji anasema ni upepo, mimi nasema ni misumari aliyoipigilia yeye. Mambo mengine ni yale yale.

Umenisema na nimesikia, ingawa sisikii. Laptop nitaitoa. Ila tuna safari ya pili, nayo ikiisha nakuahidi tutakaa mbele ya hicho kioo sote wawili tumevaa nguo za kutokea. Bibi yako anataka akuone vizuri, si nusunusu. Usiniulize zaidi ya hapo. Nimeapishwa.

Hasira zako nimezipenda. Mama yako, dada yangu, alikuwa hivyo hivyo, anafoka huku anakuongezea mchuzi.

Mjomba wako

30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Samahani na kwa mwandiko, kalamu ni mbovu.

Mimi sijambo. Kazini nimepumzika kidogo. Kuhusu laptop, ulisema kweli, hakuna haraka. Iacheni ilipo. Msipige kwa sasa. Nitawaambia wakati.

Mwambie Bibi nimekula.

Kiroboto

25 Julai

Kiroboto,

Salamu nyingi. Shemeji ameshika homa, amepona, amerudi kwenye grisi yake. Barua yako ilikuwa fupi mno, na mwandiko kama wa kuku aliyepita kwenye majivu. Kalamu gani hiyo mbovu inayolaza herufi zote upande mmoja? Nimeuliza. Usiponijibu sitakulaumu, maana nami sikukujibu ulipouliza.

Bibi yako haoni. Naliandika hivyo hivyo, nikilizungusha sitalimaliza. Lilianza kabla hujatuma laptop. Presha ya macho, ndivyo daktari alivyoiita. Jicho la kulia lilishazimika, la kushoto lilikuwa linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari akasema atampasua mwezi wa tano. Bibi akaniapisha nisikwambie, eti utaacha kazi uje kulia hapa. Akasema, "Ngoja nipasuliwe, nimwone mara moja vizuri. Sitaki kumtafutatafuta kwenye kioo kama sindano iliyodondoka." Mimi nikaona maneno yake na maneno yako ya betri yamekutana, yote yananiambia subiri. Nikasubiri. Akapasuliwa. Halikurudi hata lile tundu la ufunguo.

Uliposema hakuna haraka nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikajiona nimepona kuulizwa. Halafu chakula kikanishinda. Juma lililopita nikafungua sanduku. Mpwa wangu, haiwaki. Uliniuliza kama niliizima au niliifunika. Niliifunika tu, kama sufuria. Nikaichomeka, nikaiacha hapo na chaja yake nikisema itazinduka. Imevimba tumbo. Mfuniko haufungi, na mezani inanesanesa kama kiti kibovu. Nimeweka tofali juu yake ili ikae sawa.

Nilikutunzia zote, hata moja sikuitumia. Nisamehe.

Mjomba wako

14 Agosti

Mjomba!

Shikamoo itakuja. Toa tofali. Nimeshampigia binti wa jirani akimbie, lakini naandika pia ili ujue kwa nini. Usiibonyeze. Usiitoboe ili hewa itoke, nakujua unavyofikiri. Usiichomeke tena kabisa. Iwe nje kwenye saruji, mbali na mafuta ya taa na makoti ya Babu. Muite fundi wa redio na simu wa pale sokoni, afungue laptop, aitoe betri taratibu kwa kadi ya plastiki. Si kwa bisibisi. Mwambie mara mbili, si kwa bisibisi. Betri ikishatoka laptop itawaka kwa umeme wa ukutani, ila umeme ukikatika nayo inakatika hapo hapo.

Sasa shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja. Sijui nimkasirikie nani. Wewe? Bibi? Au mimi niliyekuandikia risala nzima ya asilimia na joto, badala ya kukuandikia neno moja, ifungueni? Mwezi wa tatu nilikuwa nimesuka, Mjomba. Nilikuwa nimekaa pale. Jicho moja lilikuwa linaona na mimi nilikuwa nimekaa pale pale.

Ungeniambia ningekuja kwa miguu. Bibi alisema kweli, ningeacha kazi. Na heri ningeiacha.

Basi tupige. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa, jioni. Sasa naweza. Mkalishe Bibi karibu na kidude cha sauti. Wewe huna haja ya kukaa, husikii hata hivyo, kaa zako nje upunge upepo.

Kiroboto

8 Septemba

Mpwa wangu,

Fundi amekuja. Nimemwambia si bisibisi mara mbili, akaniuliza kama nalipia ushauri au kazi. Betri imetoka, imefura kama mkate, kaondoka nayo kwenye ndoo ya mchanga. Laptop imewaka ukutani. Bibi kashachagua nguo ya Jumapili. Nimemwambia nguo unavaa ya nini, akasema mimi ndiye sioni, yeye si ataniona?

Kukaa nje sitakaa. Nitakaa nyuma ya Bibi. Miaka sita na mimi nimekaa bila kukuona.

Mjomba wako

2 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini umeme ulirudi na Bibi alilala vizuri. Mimi nilibaki kwenye kiti, kioo cheusi, nguo za Jumapili mwilini.

Nilikuomba ukae nje. Sasa umeona. Ilitokea mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mteja alikuwa na haraka, laptop yake imevimba, amesimama juu ya kichwa changu ananihimiza. Kanuni zote nazijua, si nilikuandikia wewe karatasi nzima? Lakini kadi ya plastiki ilivunjika na bisibisi ilikuwa karibu. Nikasema mara moja tu. Nilisikia kama mtu anafungua soda, kisha moshi, kisha moto. Mkono wa kulia, shingo, na upande huu wa uso. Ile barua ya kalamu mbovu niliiandika kwa kushoto; sasa wa kulia unarudi, ndiyo maana leo mwandiko unasomeka. Uso umebaki hivyo ulivyouona. Bosi amenirudishia meza yangu, lakini nimeigeuza nisitazamane na dirisha.

Ndiyo maana niliwaambia msipige. Na uliponiandikia kwamba Bibi haoni, nililia, halafu katikati ya kulia nikawaza, basi sasa naweza kumpigia. Nimewaza hivyo kweli. Sijui Mungu anamwekaje mtu anayewaza hivyo.

Kitambaa nilichofunikia upande huu kiliteleza nilipoinama kumsikia. Nilikuona nyuma ya bega lake ukinitazama. Bibi akageuka, akakupigia kelele sikioni kama wote tunavyokupigia, "Anafananaje? Niambie, anafananaje?" Ukanyamaza. Kisha ukasema kwa ile sauti yako ya mashineni, watu wa mtaa wa pili wakasikia, "Yuko vilevile, Mama. Vilevile." Bibi akacheka, akafungua mdomo aniambie kitu, na umeme ukakatika. Kama betri ingekuwepo ningelisikia neno lake.

Sijui nikushukuru au nikulaumu. Kungoja kwetu kumempotezea uso wangu, na sasa umempa uso nisio nao. Nitarudije nyumbani, Mjomba? Nikifika mlangoni kitu cha kwanza atakachofanya ni kunishika mashavu. Siji. Mwambie kazi nyingi.

Natuma betri mpya kwa basi. Fundi aifunge, ili Bibi asikatwe tena maneno.

Kiroboto

24 Oktoba

Mwanangu Kiroboto,

Leo sikuiti mpwa. Marahaba. Betri imefika, fundi ameifunga, safari hii kadi alikuja nayo mwenyewe. Shemeji anakusalimu. Sote wazima kwa namna yetu, mmoja hasikii, mmoja haoni, na mmoja grisi.

Sikumwambia Bibi kazi nyingi. Nilijaribu. Nilikaa naye barazani nikaanza, kazi huko, unajua tena, akaniwekea mkono mdomoni. Nikuandikie alivyosema, nilimwambia arudie mara tatu ili nisikie vizuri. "Nilikuuliza anafananaje, ukakawia. Wewe hujawahi kukawia kunijibu tangu uzaliwe, hata uongo wako huwa unakuja mbio. Ulipokawia nikajua mtoto amepatwa. Nikacheka ili asijue kwamba nimejua." Nikamuuliza, na ule umeme ulipokatika, ulitaka kumwambia nini? Akasema, "Nilitaka kumwambia aje."

Nikamweleza yote. Moto, bisibisi, upande upi. Aliniuliza kama jicho ni zima, nikasema zima. Akalia, sikufichi, alilia mpaka nikamwita jirani. Kisha akaniambia nikuandikie hivi: uso huo aliukogesha yeye tangu ukiwa hujakaza shingo, upele wa joto aliupaka dawa yeye, ulipoanguka kwenye ngazi za mashineni daktari akaushona, na yeye Bibi ndiye aliyekushika. Hauogopi. Anachoogopa ni kufa akiwa anakusikia tu.

Sasa langu. Mwezi wa tatu jicho lilikuwa bado linaona. Barua yako ya kwanza ilikuwa imeniambia unasubiri kila Jumapili, na ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nausikia ukinigonga paja nikitembea. Ningeamua kuvunja kiapo cha mama yangu na kanuni ya mawe yangu, angekuona umesuka. Hilo sina pa kulipeleka. Naamka nalo, napiga mswaki nalo. Nimekuandikia ili usije ukajibebesha peke yako mzigo ambao nusu yake ni wangu.

Sanduku nimemgawia jirani anawekea nafaka. Laptop iko mezani, wazi, shuka limerudi kitandani. Bibi anajua kuipapasa mpaka kwenye kitufe cha kuwashia. Jumapili iliyopita, mlipokuwa mnaongea, binti wa jirani alinishika mkono, akanionyesha pembeni mwa kioo kwamba imefika asilimia sita, nikimbie kuchomeka. Nikatazama. Bibi alikuwa ameegemea kioo, shavu lake limegusa shavu lako, lile lile lililoungua, hajui kwamba ndilo.

Nikamwambia binti aiache, iishe ikiwa kazini.

Njoo.

Mjomba wako